Mtungi wa Togwa na Hesabu ya Bwana Kipenga

Nikirudi nyuma mpaka pale kumbukumbu inapokatika, kitu cha mwisho ninachokikuta ni kibofu cha kuro. Babu, baba yake mama, alikipuliza kikajaa upepo, akakifunga kwa uzi wa mgomba, akanipa nicheze. Kilikuwa bado na joto na kilinuka mkojo na majani. Nilikipiga teke kikapaa, nikadhani babu amenipa ndege. Pembeni watu wazima walikuwa wamechuchumaa kumzunguka kuro mwenyewe, wanagombana. Mmoja anasema mbwa wake ndiye aliyemtoa kichakani. Mwingine anasema mkuki wake ndio uliomwangusha. Wa tatu hana mbwa wala mkuki, lakini amembeba kutoka mtoni mpaka pale, na shingo imemvimba, anaomba watu waishike waone. Babu ndiye aliyewahi na kisu kabla mnyama hajakata roho, bila yeye nyama ile ingekuwa haramu kwetu sote, basi akagawa yeye. Paja kwa mwenye mkuki, shingo na mbavu kwa mwenye mbwa, bega kwa mbebaji, na ini akaliweka juu ya jani mbele yake mwenyewe. Nikamwuliza, babu, ini na paja kipi kikubwa? Akaniambia nikacheze na kibofu changu.

Sijui kwa nini hilo limebaki na mengine yamekwenda. Sura ya babu imeshapotea, kumebaki mikono tu na lile ini. Lakini nadhani swali lile sikuliacha. Mbwa, mkuki na shingo iliyovimba, unavipima kwa kipimo gani kimoja? Mtu anaweza kuzeeka na swali kama hilo. Mimi nimezeeka nalo, na shule sikusoma hata nikapata jibu la kitabuni. Nilikaa shule miaka miwili, ya kwanza nikajifunza kuandika, ya pili nikajifunza kutoroka.

Kuro wakatuhama. Zilikuja tingatinga. Ninyi wenzangu wa Nachingwea mliobaki, na tumebaki wachache, mnakumbuka Wazungu walipokuja kulima karanga, namna ardhi ilivyokuwa inatetemeka chini ya mkeka asubuhi, na miti mikubwa inang'olewa na minyororo kama mtu anavyong'oa mchicha. Mimi nilidhani wanatafuta kitu kilichopotea. Nilimwambia mama, hawa wamepoteza kitu kikubwa sana, maana wanafukua nchi nzima. Karanga zenyewe hawakuzipata za maana, lakini hilo si langu. Langu ni kwamba kambi ya wafanyakazi iliwekwa si mbali na kwetu, upande huu wa Lionja, na harufu ya grisi ikaingia kwenye kila kitu, mpaka kwenye nguo za mjomba, mpaka kwenye ubwabwa.

Mjomba wangu Hamisi, mdogo wake mama, alikuwa anapaka grisi tingatinga. Kwetu sisi, mnajua, baba ni mgeni aliyeoa nyumbani kwenu. Mwenye watoto ni mjomba. Baba yangu alikuwa mtu mzuri, mpole, alilima ufuta wake na kukohoa kwake. Lakini ukipigwa, unayemwendea ukilia ni mjomba. Mama naye akiguswa, mwenye deni la kujibu ni ndugu yake wa kiume. Ndiyo ilivyokuwa.

Mama alikuwa anauza togwa kambini. Anaipika jana yake, anaiacha ipoe, asubuhi anaijaza kwenye mtungi, anauweka kichwani na mimi nyuma nimeshika vibuyu vya kunywea. Wafanyakazi walimwita Binti Ismaili na walimheshimu, maana togwa yake haikuwa na mchanga. Na hapo kambini palikuwa na nyapara mmoja, Salumu, mtu wa Narung'ombe, huko Ruangwa. Mrefu, mweusi, meno yamepangika vizuri, kaptura yake imepigwa pasi. Alikuwa na mbio. Siku za Jumapili alikuwa anashindana na baiskeli za makarani kutoka tangi la maji mpaka kwenye reli, na anazishinda, halafu anarudi anatembea polepole ili watu wamwangalie vizuri.

Siku moja mama alichelewa kuondoa mtungi wake njiani. Hilo tu. Nyapara alikuwa anapita na watu wake, mtungi ukawa mbele yake, na nafasi ya kupita ilikuwa tele kulia na kushoto. Akaupiga teke. Si kwa hasira, na hilo ndilo sijalimeza mpaka leo. Aliupiga kama mimi nilivyokipiga kile kibofu. Mtungi ukapasuka, togwa ikaenda mchangani, na mchanga wetu mwekundu hauna hata adabu ya kusubiri, ukainywa papo hapo. Watu wakacheka. Mama akapiga magoti, akaanza kuokota vigae, sijui aliviokota vya nini.

"Mbona umekunja uso, Binti Ismaili?" nyapara akamwuliza. "Si utani tu? Ukoo wenu na wetu ni watani."

Ni kweli, koo zetu ni watani. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani, ukamlipa akurudishie, na bado ukachekwa. Mama akasema bila kuinua kichwa, "Utani una msiba wake na una harusi yake. Hapa kafa nani?"

"Kafa mtungi," akasema nyapara, na watu wakacheka zaidi.

Nilimwangalia mguu wake. Nilikuwa mdogo, kichwa changu kilikuwa karibu na miguu ya watu kuliko nyuso zao, na ule mguu ningeutambua mpaka leo hata mkiniletea ndani ya gunia la miguu.

Mjomba akaambiwa. Alinawa grisi, akala, akanawa tena. Baba akakohoa, akamwambia, "Shemeji, ukimgusa nyapara kazi huna, na jela unayo." Mjomba akasema, "Najua." Kesho yake alimfuata nyapara mbele ya watu wote wakati wa kupewa kazi, na mimi nilikuwepo, maana nilikuwa nimekataa kubaki nyumbani.

Kulikuwa kumetangazwa michezo. Wazungu walikuwa na sikukuu yao, na Bwana mmoja aliyeshughulikia mambo ya wafanyakazi, tulimwita Bwana Kipenga kwa sababu filimbi haikumtoka mdomoni, alisema kutakuwa na mbio, kuruka juu na kurusha mkuki, na mshindi atakuwa mmoja tu kwa yote matatu.

"Nyapara," mjomba akasema, "wewe wanasema unajua kukimbia."

"Hilo hata tingatinga linajua."

"Basi tukutane siku ya michezo. Nikikushinda, utajaza mtungi mpya togwa, uubebe kichwani kutoka hapa mpaka kwa dada yangu, mchana, watu wanaona."

Watu wakaguna. Mwanamume na mtungi kichwani! Siku hizi mnaona vijana wanabeba chochote, lakini wakati ule mwanamume alibeba begani, au kwenye mti wa begani wenye mzigo huku na huku, na kichwa chake kilikuwa cha kofia tu.

"Na nikikushinda mimi?"

"Nitaubeba mimi, mpaka kwa mama yako Narung'ombe."

"Narung'ombe ni mbali, wewe mpaka-grisi, shingo itaingia tumboni."

"Ni shingo yangu."

Nyapara akacheka, halafu akainua kidole. "Lakini sitaki hesabu ya wazee wa Lionja. Nyie mtaona mnachotaka kuona. Itakuwa hesabu ya Bwana Kipenga, atakavyosema ndivyo. Wote mmesikia? Ya Bwana." Tukasema tumesikia. Mjomba wake mwenyewe nyapara, mzee mmoja mfupi aliyekuwa mlinzi wa ghala la mbegu, alikuwepo, naye akasema amesikia.

Sasa hesabu hiyo. Mjukuu wangu juzi alinionyesha kwenye simu watu wanaoshindana michezo kumi, akataka kunieleza eti bingwa anaweza asiwe wa kwanza hata mara moja. Nikamwambia kaa chini, hilo nililijua kabla baba yako hajaota meno.

Bwana Kipenga alituita uwanjani siku kadhaa kabla, na karani akawa anatafsiri. Sisi tulidhani ni kama kawaida, wa kwanza ana tatu, wa pili ana mbili, wa tatu ana moja, jumlisha. Bwana akasema hapana. Hatazami nani kampita nani. Anatazama kila mtu kafanya kiasi gani, na kila kiasi kina pointi zake. Alikuwa amechomeka bendera saba kwenye uwanja wa mkuki, kila moja mbele ya nyingine, na kila bendera ni pointi kumi, na kinachozidi bendera kinapimwa kwa kamba. Nguzo za kurukia nazo zilipigwa mistari ya rangi, kila mstari pointi kumi. Bendera ya nne ya mkuki na mstari wa nne wa nguzo ni sawasawa, maana, karani alisema, kule kwao wamepima watu wengi sana wakaona kwamba anayefika hapa kwa mkuki na anayefika pale kwa kuruka wamejitahidi sawa. Na mbio zinahesabiwa kwa saa. Sindano ikizunguka kidogo, pointi nyingi. Ikizunguka sana, pointi chache.

"Kwa hiyo nikimpita mtu kwa unywele na nikimpita kwa shamba zima, ni tofauti?" mzee mmoja akauliza.

"Tofauti kabisa," karani akasema.

"Lakini wote nimewapita."

"Kupita hakuna bei, mzee. Bei ni umbali."

"Basi hata nikikimbia peke yangu napata?"

"Unapata."

Mzee akasema Wazungu wana upweke mbaya, akaondoka zake.

Mimi sikuondoka. Kichwa changu kiliwaka moto. Niliona kwamba hawa watu wamepata kile babu alichonificha, njia ya kuweka ini na paja kwenye mizani moja. Na kama mbio zinaweza kulinganishwa na mkuki, basi teke linaweza kulinganishwa na kitu kingine chochote. Nilidhani, na hili nililiamini kabisa kama mnavyoamini jua, kwamba Bwana Kipenga ana bei ya kila jambo duniani, ila kwetu ametuonyesha matatu tu. Basi nikajitengenezea yaliyobaki. Kuvunja mtungi, bendera sita. Kila mtu aliyecheka, bendera moja juu ya kichwa cha nyapara. Mama kupiga magoti, bendera kumi, ingawa Bwana alikuwa nazo saba. Na lile neno lake, "kafa mtungi", sikulipatia idadi, nikaliacha wazi. Halafu upande wa pili nikatafuta vya kumlipa. Kumtemea mate kwenye nyayo zake akishapita, hiyo nilifanya mara nyingi, lakini niliona ni ndogo, mstari wa kwanza tu. Nilihitaji kitu cha bendera tano au sita kwa mkupuo.

Nikakumbuka upupu.

Upupu hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa kwetu. Yale maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia, ukipita upande wa upepo unajikuna mpaka unalia. Niliyachuma kwa vijiti viwili, upepo nimeupa mgongo, nikayafunga kwenye jani. Alfajiri ya siku ya michezo kaptura ya nyapara ya kukimbilia ilikuwa imeanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba yake. Nilikung'uta ndani yote, mbele na nyuma, kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgeni anayempenda. Wengine mkisoma hapa mtasema mtoto mbaya. Semeni. Mtungi haukuwa wenu.

Uwanja ulijaa. Kutoka Nambambo walikuja, kutoka Ruangwa walikuja wamelala njiani, wanawake wamevaa kaniki mpya. Mama alikaa upande wa wanawake, mbele, amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu kama mtu anayeumwa kichwa. 

Mbio kwanza. Nyapara alipotoka kwenye mstari tayari alikuwa anajishika. Akajikuna kidogo, akatazama kulia na kushoto, akajikuna tena. Mimi nilikuwa nimebana mdomo kwa mikono miwili. Filimbi ikalia. Jamani! Sijaona mtu akikimbia vile kabla wala baada. Hakuwa anakimbilia utepe, alikuwa anaikimbia kaptura. Alikata utepe watu wengine wako nusu ya njia, hakusimama, akaendelea mpaka kwenye hori la maji ya punda, akajitumbukiza mzima. Watu wa Ruangwa wakapiga vigelegele, wakadhani ni madaha. Bwana Kipenga alitazama saa yake, akaipeleka sikioni kusikiliza kama inatembea, akatazama tena. Karani akatangaza: pointi sabini na tano. Mjomba wangu, aliyefika wa pili, hamsini na tano.

Nikaishusha mikono kutoka mdomoni. Kwa hesabu ya wazee, wa kwanza ni wa kwanza, nyapara angekuwa wa kwanza hata bila upupu, na nisingekuwa nimeharibu kitu. Lakini kwa hesabu hii ya Bwana nilikuwa nimeuongezea mbio ule mguu. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote na pigo likageuka pointi zake. Nilitamani kumwambia mtu, na aliyekuwa karibu ni baba.

"Baba, kwani mtu akikimbia kwa sababu anawashwa, nazo zinahesabiwa?"

Baba akakohoa. "Saa haiulizi, mwanangu," akasema, halafu akanitazama vizuri, akatazama mikono yangu, akageuza uso kule kwenye hori. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia kwa aibu. Nilikuja kuelewa baadaye sana, nikiwa mtu mzima na baba ameshazikwa, kwamba yule mtu mpole alikuwa anacheka.

Kuruka. Nyapara ametoka majini, kaptura imelowa, lakini maji yalikuwa yamepunguza moto na miguu yake ilikuwa miepesi kama ya mbuzi. Aliruka mstari wa tano. Mjomba mstari wa nne, kwenye wa tano akaangusha ufito mara tatu. Pointi kumi nyingine. Sasa nyapara yuko mbele kwa pointi thelathini, na upande wa Ruangwa walikuwa wameshaanza wimbo kuhusu watu wa Lionja na shingo zao. Mpishi wa kambi alimpigia mjomba kelele, "Hamisi, anza kusuka kata!" Kata ni ile ya nguo iliyoviringwa, wanawake huiweka kichwani chini ya mzigo. Mjomba akaja kunywa maji pale tulipokuwa. Mama akavuka uwanja wote, mbele ya watu, akamfikia.

"Hamisi."

"Dada."

"Mimi sitakwenda Narung'ombe kukuona umebeba. Umesikia? Nitajinyonga kwanza kwa kanga hii."

"Nimesikia, dada."

"Basi rusha."

Kila mtu alikuwa na nafasi tatu za kurusha, na nyapara akatangulia. Mkuki wake ulikwenda ovyo, ukadondoka umelala, penye bendera ya tatu. Ikawa thelathini. Mara mbili zilizobaki hakurusha hata, alikuwa hajali, alikuwa anacheka na watu wake. Kwa akili yake alikuwa ameshashinda: amempita mtu mara mbili, na hiyo moja iliyobaki Hamisi aichukue. Hakuwa ameielewa hesabu aliyoidai mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeielewa, tena kwa uchungu. Mjomba alitakiwa kuipita bendera ya sita.

Mjomba alikulia kwenye dungu. Tangu mdogo kazi yake ilikuwa kulinda mtama na mihogo, na nyani wa kwetu hawaogopi makelele, wanaogopa kinachowafikia. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto kwa kurusha. Mkuki wa kwanza ukaanguka katikati ya bendera ya tano na ya sita.  Wa pili ulikwenda mbali, mbali sana, lakini filimbi ikalia, mguu wake ulikuwa umevuka chokaa. Hauhesabiki. Mama hakuwa amerudi kukaa, alikuwa amesimama palepale katikati, na karani alimwomba asogee akakataa. Wa tatu mjomba alirudi nyuma zaidi. Akauangalia mkuki, akatema mate, akakimbia. Sikuona ulipotoka. Niliona tu bendera ya sita imesimama na mkuki umesimama ng'ambo yake, haujaifikia ile ya saba, unatetemeka mkia.

Bwana Kipenga alikwenda na kamba yake ya kupimia. Alichukua muda. Karani akaja, akapanda juu ya pipa. Nyapara mia moja hamsini na tano. Hamisi mia moja hamsini na nane.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wanatazamana. Nyapara akacheka peke yake.

"Ngoja, ngoja. Mbio nimempita. Kuruka nimempita. Yeye kanipita mkuki. Mbili na moja ipi kubwa?"

"Mbili!" watu wa Ruangwa wakaitikia, na kusema kweli hata wa kwetu wengi waliitikia.

"Kupita hakuna bei," karani akasema. "Nilieleza."

"Nimempita! Nyie hamna macho?"

Hapo yule mzee mfupi, mjomba wake, akasogea. Hakupaza sauti. "Salumu, ulisema hesabu ya nani?"

"Mjomba, hawa wana..."

"Nimekuuliza ulisema hesabu ya nani."

"Ya Bwana."

"Mimi ndiye niliyekupeleka jandoni. Nilisimama nyuma yako ukasema neno lako mbele ya watu, na sasa unataka nisimame nyuma yako ulitafune? Mtungi nitautafuta mimi. Kata akusukie dada yako."

Siku tatu baadaye alikuja. Wenye shughuli waliacha shughuli zao. Tangu mbali tulisikia watoto wanaimba, halafu tukaona mtungi kwanza, juu ya majani, unatembea peke yake, halafu yeye chini yake. Shingo imekakamaa, macho yameganda mbele, mkono mmoja juu umeshika mdomo wa mtungi. Mjomba wake nyuma, hatua chache. Mimi nilikuwa nimekaa na mama kizingitini nahesabu kwa vidole: kutoka kambini mpaka hapa, bendera saba. Kila mtoto anayeimba, bendera moja. Bado hazijalingana, nikajiambia, bado sana.

Mama alikuwa anapepeta ufuta. Hakuinuka.

"Hodi," nyapara akasema.

"Karibu."

"Nimeleta togwa."

"Naiona."

Ungo ukaenda juu, ukarudi. Mnajua mtungi uliojaa haushushwi na aliyeubeba. Lazima mtu amshikie, amtue. Mbeba mtungi asipotuliwa atasimama hapo mpaka kiyama, na kila mwanamke pale uani alilijua hilo, na kila mmoja akatulia.

"Nitueni," akasema. Hakuna aliyesogea.

"Binti Ismaili, nitue."

"Kule kambini hukuniomba kitu. Uliniambia kafa mtungi."

Jasho lilikuwa linamwingia machoni na hathubutu kujifuta, mtungi usije ukayumba. "Mama," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "nitue."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa nguvu kuliko wote, mpaka leo nikikumbuka kicheko kile naona utamu wake mdomoni. Kuna shehe mmoja ananiambia, mzee, umri huu samehe. Nasamehe. Nimewasamehe wengi, mpaka na aliyeniibia mbuzi. Yule hapana.

"Ngoja nimalize ungo huu," mama akasema. Na ulipokwisha akachota mwingine.

Shingo ya nyapara ilianza kutetemeka, mtungi nao, na togwa ikawa inagonga ukingoni bila kumwagika. Mjomba wangu akasema taratibu, "Dada, inatosha."

"Kwako inatosha. Wewe hukupiga magoti."

Hapo nyapara akakunja magoti. Polepole sana, mgongo umenyooka, akashuka mpaka goti moja likagusa mchanga, halafu la pili. Akaupandisha mkono uliokuwa chini, akaushika mtungi pande mbili, akauinua mwenyewe kutoka kichwani, mishipa imemtoka, akauteremsha mbele ya kifua, akauweka chini. Kitu hicho sijawahi kumwona mtu akikifanya. Hakumwaga hata tone. Kicheko kilikatika. Akavua kata, akaikung'uta, akasimama, akageuka.

"Wewe!" mama akaruka, ufuta ukamwagika wote. "Nani kakwambia utue? Salumu! Rudi hapa! Sijamaliza na wewe!"

Hakugeuka. Alimpita mjomba wake, akaiacha njia ya kambini ambako kulikuwa na blanketi lake na mshahara wake, akashika ya Ruangwa. Mama alimfuata mpaka mwisho wa mikorosho akimwita kwa jina. Kambini nyapara hakuonekana tena, wala Nachingwea yote.